Mume Wangu Ameshindwa Kura, Nami Nikafurahi

Bi Nuriya mpendwa wa redioni, salamu nyingi kutoka Garsen, nakuomba unisikilize hadi mwisho kabla hujanicheka, maana dada yangu nilimweleza habari hii akacheka mpaka akakaa chini, na mimi mwenziwe usingizi hauji.

Mimi ni mzaliwa wa Kau, kijiji cha mtoni, na hapa Garsen nina hoteli yangu, nauza wali wa nazi, samaki wa kupaka, mahamri na chai, na asubuhi napika anjera, ule mkate mwembamba wa maji, kwa sababu ya wateja wa Kisomali na kwa sababu ya mume wangu, ambaye ni Msomali lakini si wa Kenya, ametoka nchi nyingine ambayo sitaitaja, na majina nitakayoandika humu pia si ya kweli, usije ukaniletea balaa. Mume wangu nitamwita Abdirizak. Kwao alikuwa mwalimu wa historia, na kosa lake ni kwamba yeye na walimu wenzake walizunguka vijijini wakiwaeleza watu kuwa kura ni siri ya mtu na hakuna mkubwa mwenye haki ya kumshika mkono akiipiga, basi kwa hilo wakamfunga, wakamwachilia, wakamtafuta tena, akakimbia, akafika huku na viatu alivyovaa tu. Alikuwa akija kunywa chai kwangu, anakaa meza ya mwisho anasoma gazeti la Kiswahili kwa sauti ndogo apate kujifunza, nami namsahihisha kutoka jikoni, mpaka siku moja akaniambia amechoka kusahihishwa kwa mbali. Huu ni mwaka wa sita tumeoana na sijajuta hata siku moja.

Sasa, Bi Nuriya, wenzake waliokimbia kama yeye wametawanyika, wako Garissa, Mombasa, Nairobi, wengine Ulaya, na wameunda vyama vitatu, vyote vyataka jambo lile lile, kwamba kwao pawe na uchaguzi wa haki na wafungwa watolewe, lakini vyama ni vitatu na wenyeviti ni watatu na wakisalimiana hupeana ncha za vidole. Na kwa kuwa Garsen ndipo zinapokutana njia za Mombasa, Garissa na Lamu, wakitaka kukutana hukutana kwangu, chumba cha nyuma, mimi napika wao wanabishana, nimezoea.

Mwezi uliopita ikaja habari kwamba Nairobi kutakuwa na mazungumzo juu ya nchi yao, na hao waliokimbia wamepewa kiti kimoja tu, wakubaliane mtu mmoja wa kukikalia, wasipokubaliana kiti watapewa watu wa kupangwa na serikali yao. Wakaja kwangu wote, wenyeviti na wajumbe wao. Mzee Mahamed wa chama cha kwanza akasema kiti ni chake kwa umri. Mume wangu, mwenyekiti wa cha pili, akasema yeye ndiye aliyefundisha watu kura na akafungwa kwa ajili yake. Wa tatu ni mwanamke, nitamwita Hibaq, alikuwa muuguzi, alikimbia kwa sababu aliwafunga bendeji vijana waliopigwa kwenye maandamano, akasema, "Mama za wafungwa wakilia hunipigia simu mimi, hawawapigii nyinyi." Wakavutana mpaka alasiri, wali ukapoa, nikaingia kutoa sahani, na mdomo wangu ukaniponyoka.

Nikasema, "Nyinyi mwalilia kura kwenu miaka yote hii, hapa mbona hampigi?"

Abdirizak akanitazama kama niliyemmwagia mchuzi. Mzee Mahamed akaanza kucheka, akacheka mpaka akakohoa, akasema, "Mama huyu hana chama. Asimamie yeye."

Nikakataa. "Mgombea mmoja ni mume wangu, wazee wangu."

Hibaq akasema, "Sisi twakuamini. Wali wako wampimia kila mtu sawasawa."

"Mimi hunipa mfupa," akasema Mzee Mahamed, "lakini asimamie."

Basi nikatundika leso mlangoni pa stoo, nikaweka ndani birika kubwa na bakuli tatu, kunde za Abdirizak, mahindi ya Hibaq, pojo za Mzee Mahamed, kila mjumbe aingie peke yake atie birikani punje moja ya amtakaye. Walipomaliza nikamimina kwenye sinia mbele ya macho yao wote, nikahesabu kwa sauti. Pojo zilikuwa za kuhurumia, Mzee Mahamed akasema hazitoshi hata kuungwa nazi. Kunde zilikuwa nyingi. Mahindi yakazipita. Nikatangaza Hibaq, na Abdirizak akasimama akampa mkono, mkono kamili si ncha za vidole, na watu wakapiga makofi.

Na hapa ndipo penye siri yangu, Bi Nuriya. Nilipoona mahindi yamezidi, nilifurahi. Sikuongeza punje, sikupunguza, Mungu ndiye shahidi, lakini moyo uliruka, kwa sababu atakayekalia kile kiti ndiye atakayetangulia kurudi kwao mambo yakitengenea, na mimi ni mtu wa mto huu, mama yangu yuko Kau, hoteli yangu iko hapa, na tangu tuoane mume wangu akiinua mikono kuiombea nchi yake mimi huitikia amin, na ndani ya amin yangu mna hofu.

Siku ya pili wakaja wanaume wawili wa chama chake, wakasema nikiwepo, "Mwalimu, tutoke tuunde chama cha nne. Kunde na mahindi, huo ni uchaguzi?" Kisha mmoja akanigeukia mimi, "Na huyu mkeo amekuangusha kusudi, hataki urudi kwetu." Abdirizak akaniangalia usoni. Mimi nikashindwa kumtazama. Tangu hapo hasemi, ni salamu na "ahsante kwa chakula" kama mpita njia, na wale wawili wamesema Ijumaa baada ya swala watakuja na wenzao kukutana kwenye chumba changu cha nyuma kuunda hicho chama, naye hajasema ndiyo wala la.

Niwafungie mlango wageni wa mume wangu? Nimwambie kwamba nilifurahi, au nife nayo? Nisaidie.

Mimi mwenye hoteli, Garsen.

*

Mwenye hoteli, nimekusikiliza hadi mwisho na nimecheka, nisamehe. Kicheko kiliniisha pale kwenye amin.

Kwanza ondoa mzigo usio wako. Kura hukuiba. Ulihesabu mbele ya macho ya watu, kwa sauti, na mshindi akatangazwa hadharani. Furaha ya moyo haihesabiwi kwenye sinia. Wako wasimamizi wa kura duniani wanaotamani mtu wao ashinde na wanampa, wewe ulitamani wako ashindwe na hukumnyima hata kunde moja. Shika uzi huo huo.

Sasa nikugombeze. Miaka sita mnalala nyumba moja, wamsahihisha Kiswahili, wamjulia anjera ya kuiva na isiyoiva, na swali lililo kubwa kuliko yote hujamuuliza! "Ukirudi kwenu, mimi je?" Maneno manne, mama. Umeyaficha ndani ya dua, ukamwachia mgeni aje ayatamke mezani pako kwa ubaya. Mumeo hakununa kwa sababu ya mahindi. Mtu aliyesimama akampa mshindi mkono kamili hakuvunjwa na mahindi. Alisikia kwamba hutaki arudi kwao, akakutazama ili ukanushe, ukaangalia chini. Hebu jiweke mahali pake. Wewe mwenyewe ungesema nini?

Kwa hiyo mwambie. Mwambie ulifurahi na umweleze ulifurahia nini, maana yeye hivi sasa anadhani ulifurahia kuanguka kwake, na ulichofurahia ni kubaki kwake. Hayo ni mambo mawili mbalimbali kabisa. Usimwambie hotelini mbele ya wateja. Funga mapema, ondoa sufuria mkononi, kaa chini, uliza. Na akijibu, nakuomba, usimsahihishe Kiswahili.

Ama hao wa Ijumaa, hoteli ni ya nani? Umesema "hoteli yangu" na mimi nimekuamini. Waambie kwa adabu kwamba chumba cha nyuma ni cha vyama vyote vitatu vikikutana pamoja, na anayetaka kuvunja walichokubaliana atakunywa chai meza za mbele kama wateja wengine, asikike na kila mtu. Usiwatukane, usiwanyime sukari. Wakitaka chama cha nne, nchi ina vivuli vingi vya miti, wakakutane huko.

Na kama mwalimu mwenyewe anasikiliza, nina neno naye. Baba, pole kwa kushindwa, najua kunauma. Lakini fikiri. Uligombea, ukashindwa, na usiku ule ukalala kitandani kwako. Hakuna aliyekugongea mlango. Asubuhi ukanywa chai, na aliyekushinda akakusalimia kwa heshima. Kwenu ulifungwa ukitafuta siku kama hiyo. Umeipata Garsen, kwenye sinia la mkeo, halafu unanuna? Wako watu kwenu ndani ya jela wanaongoja kusikia kwamba nyinyi wa nje mmekuwa na sauti moja. Wale wawili wanaokuvuta utoke, waulize wangetaka mahesabu ya namna gani ndipo wakubali. Ukisikia jibu lao utajua kama ni watu wa kura.

Mpe Hibaq unachokijua. Muuguzi anajua vidonda, mwalimu anajua historia ya vidonda, mazungumzo yanahitaji vyote viwili.

Leo hii, mwenye hoteli, si kesho. Mimi Nuriya wenu.

*

Bi Nuriya, ni mimi tena wa Garsen, nimeona haya nisikuletee habari.

Redioni hukusema mimi ni nani, ahsante sana, lakini katika mji huu mwenye hoteli aliyeolewa na mwalimu mgeni ni mmoja tu. Uliposoma barua yangu ile Alhamisi hoteli ilikuwa imejaa, redio iko juu ya kabati, na Halkano mchuuzi wa ng'ombe akaacha kutafuna. Watu wakamgeukia Abdirizak, yuko na anjera mkononi. Nikakimbilia redio kuizima, akaniambia, "Acha. Ongeza sauti."

Nikaongeza, nitafanyaje. Ulipofika penye "mwalimu mwenyewe", akaweka kikombe chini akakusikiliza ameinamisha kichwa kama mwanafunzi. Ulipomaliza, Halkano akamwambia, "Mwalimu, sisi kwetu tukishindwa kura hulala kitandani, hiyo ni kweli, lakini tunalala na hasira." Hoteli nzima ikacheka, na Abdirizak akacheka nao. Cheko lake la kwanza tangu siku ile.

Nilifunga mapema kama ulivyosema. Nikamwambia yote, nikalia kidogo, nikauliza yale maneno manne. Akaniuliza, "Kila mara nikisema tutarudi, ulidhani nasema mimi na nani?"

Nikamwambia, "Wewe na wenzio."

Akashika kichwa. Akanieleza kwamba Kisomali kina maneno mawili ya "sisi", moja mna unayezungumza naye ndani yake, la pili limemwacha nje, na Kiswahili chetu kina moja tu la kubebea wote. "Mimi kichwani nilikuwa nasema lile lenye wewe," akasema. "Miaka yote hiyo. Nilishangaa mbona hujawahi kuuliza kama kwetu kuna samaki." Kisha akasema hatanilazimisha, na kwamba hoteli yangu ameiheshimu siku zote, na kama siku ya kurudi itafika tutakaa chini tupange, hata ikiwa ni kwenda na kurudi.

Ijumaa wale wawili walikuja na wenzao. Kabla sijafungua mdomo, Abdirizak mwenyewe aliwakalisha meza ya mbele, akawauliza lile swali lako, wangetaka mahesabu ya namna gani. Mmoja akasema yoyote, mradi washinde. Alipojisikia mwenyewe akaona aibu, akaomba chai. Chama cha nne hakikuundwa.

Jana Hibaq alipita akielekea Nairobi, na mume wangu ameondoka naye, maana kiti ni kimoja lakini anayekikalia ameruhusiwa mtu wa kukaa nyuma yake wa kumnong'oneza, naye akamchagua Abdirizak. Mzee Mahamed amewasindikiza hadi kwenye basi akiwausia utadhani yeye ndiye anayewatuma. Niliwafungia mahamri. Nikawaombea, nikaitikia amin mwenyewe, na mara hii amin yangu ilikuwa nyepesi.

Mama yangu nimemweleza kwa simu kwamba huenda siku moja nikaenda nchi ya watu. Hakulia kama nilivyoogopa. Ameuliza tu kama huko kuna mto. Nimemwambia sijui, nitamuuliza Abdirizak akirudi.