Tundu Lisilopitiwa na Kidole Chako

Mama Njeri, mke wangu mwenye haraka ya kunitangulia,

Usicheke mwandiko. Darasa la nne lilinitema, ulijua hivyo na ukanikubali. Naandika wazi, kila mtu asome, kwa sababu mwalimu wa kwaya amekufa akishika amplifaya niliyotengeneza mimi, na Kedowa nzima inasema ni radi.

Unakumbuka kibanda chetu cha redio pale sokoni? Mimi natoboa, wewe unapiga tupa. Kila kasha la chuma lilitaka matundu: ya spika, ya maiki, ya waya wa stima. Tundu la mraba ndilo lilinitoa jasho. Nachora kwa msumari, napanga vitundu kwa drili, nakata kwa patasi, linabaki pengo lenye meno kama fisi. Hapo unaninyang'anya. Unakaa juu ya kreti ya soda, kasha mapajani kama mtoto anayenyolewa, unakwangua mpaka soketi inaingia bila kusukumwa. Halafu unafumba macho, unapitisha kidole mzunguko wote.

"Bado."

"Mama, hili ni sanduku, si pete ya harusi."

"Pete yenyewe ulininunulia ya shaba. Nyamaza."

Nikawaambia wateja unabembeleza chuma kuliko unavyonibembeleza mimi. Ukanirushia msasa mbele yao. Siku moja kidole kilitoka damu, ukanionyesha: "Afadhali linikate mimi kuliko likate waya." Nikakuuliza, kama umemaliza mahubiri, sadaka inapitishwa saa ngapi.

Ulipozikwa niliendelea peke yangu. Mikono ilikuwa ile ile, uvivu ndio uliongezeka. Kanisa lilitaka amplifaya kabla ya Pasaka. Nikatoboa, nikapuliza vumbi, nikapaka rangi nyeusi. Tundu la waya wa stima, la nyuma, sikulipiga tupa, wala sikulivalisha mpira wa kukinga waya. Nilisema, nani anaangalia matako ya amplifaya? Waliisifu sana. Wewe peke yako ndiwe usingedanganyika.

Kila Jumapili waliibeba kwenda na kurudi, waya ukisuguliwa na yale meno. Jumapili ile ya mvua ya mawe sakafu ilikuwa imelowa. Mwalimu aliinama kuongeza sauti. Hakuinuka. Ngurumo zilikuwa zinapasuka juu ya mabati, basi watu wakaona radi. Mchungaji akasema Mungu amemwita akiimba. Nami nikasema amina, tena kwa sauti.

Wakaniletea kasha nilitengeneze. Nikafungua. Ngozi ya waya imeliwa pale pale ukingoni, shaba iko nje, inagusa chuma. Nilikaa nalo siku tatu. Kubadilisha waya ni kazi ya dakika kumi, na hakuna binadamu angejua. Sikufichi: waya mpya nilikuwa nimeshaukata.

Jana nikapanda kwa Mama Chebet, mjane wa mwalimu. Alikuwa shambani, kikapu mgongoni, anachuma chai. Nikamwonyesha ule waya ulioliwa, nikamwambia si radi, ni mimi.

"Mzee, umekunywa?"

"Sijakunywa."

Mikono yake iliendelea kuchuma mpaka mwisho wa mstari. Ndipo akauliza, bila kunitazama, kama mumewe aliumia kwa muda mrefu. Hata kwa mazishi yako nilipata la kuchekesha watu. Hapo nikasema tu sijui.

Akashusha kikapu, akaita watoto wake. "Kujeni hapa. Huyu mzee ako na kitu ya kuwaambia. Haya, Mzee. Anza tena. Anza mwanzo."

Nikaanza tena. Nikaeleza tundu, meno, waya. Nilipomaliza, Chebet, yule mkubwa, akauliza, "Kwa hivyo si Mungu alimwita?"

"Hapana," nikasema. "Si Mungu."

Akamwangalia mama yake, kisha akainama akatapika kati ya michai.

Makasha mengine mawili niliyatengeneza bila wewe, moja liko Boito, lingine Chebunyo. Nimewapigia wenyewe simu wasiyawashe, na kesho naenda kuyachukua mwenyewe. Nikirudi nitapitia kituo cha polisi. Pumzika, mpenzi, na usiniombee huko. Waombee wale watoto.

Ni mimi mumeo,
Baba Njeri