Mlango wa Jukwaani Umefunga, wa Nyumbani Je?

Mpendwa mshauri,

Shikamoo. Naomba unisaidie kabla ya Jumamosi, maana Jumamosi ndiyo fainali ya mashindano ya maigizo, na mimi silali vizuri, sili vizuri, na juzi kazini nilifunga kitasa upande usio wake mpaka mteja akaniuliza kama nimefiwa. Mimi ni seremala, kazi yangu hasa ni milango, mtaani wananiita Fundi Milango, na sijisifu lakini mlango nilioufunga mimi unausukuma kwa kidole kimoja ukatii. Mke wangu anahudumia kaunta ya duka la dawa. Mwaka huu alijiunga na kikundi cha maigizo kinachofanya mazoezi kwenye ukumbi wa klabu ya wafanyakazi, wanaigiza michezo mifupi, robo saa basi, jioni moja unaonyeshwa mitano. Nilimcheka, mshauri. Nilimwambia mchezo wa robo saa ni sawa na kuonjeshwa mchuzi halafu ukanyimwa sahani, mimi nimezoea maigizo yale marefu, watu wanafoka, mtu mbaya anaaibika, mwisho mmoja anasogea mbele kutuambia tumejifunza nini, tunarudi nyumbani. Yeye akaendelea kuandika mchezo wake mezani jikoni.

Siku ya kwanza ya mashindano nilikwenda na dada yangu mkubwa, nimevaa shati la pasi. Taa zikawaka, nikaona kitanda, kigoda na mlango. Mlango wenyewe ulikuwa hautaki kufunga, ukiuacha unarudi wazi taratibu. Mke wangu anaingia, anauegemeza kigoda usifunguke, anakunja nguo huku anamsimulia mumewe wa mchezoni mambo ya majirani na ya kazini. Huyo mume, anayeigizwa na kinyozi wa karibu na stendi, kila akitoka anakipiga kigoda teke pembeni, anauangalia mlango, anasema, "Kesho nitautengeneza." Mke anakirudisha kigoda. Mume anatoka tena, kesho. Mke anarudisha tena. Hawagombani, hakuna anayelia, neno ndoa halitajwi hata mara moja. Mara ya mwisho mume anatoka, kigoda kimekaa pembeni, mlango unafunguka wenyewe, na mke anakitazama kile kigoda halafu anaendelea kukunja nguo. Hakirudishi. Taa zikazimwa. Basi, umekwisha.

Ukumbi ulinyamaza kimya, nikadhani wameuchukia. Halafu mama mmoja nyuma yangu akasema, "Huyo mwanamume namjua," watu wakacheka, makofi yakaanza, na dada yangu akanichoma kiwiko mbavuni, "Wewe, huo si mlango wenu wa chumbani?" Mshauri, ndiyo. Ndio mlango wetu wa chumbani, na kigoda chetu, na kesho yangu mimi.

Sasa hapa ndipo nilipoharibu, au nilipotengeneza, ndiyo maana nakuandikia. Siku ya pili nilimtangulia pale ukumbini nikiwa natoka kazini, mfuko wa vifaa begani, hakukuwa na mtu jukwaani, nikauona ule mlango umelegea bawaba ya juu na umevimba kwa chini. Mikono iliniwasha. Nilijiambia watu wakijua huyu ni mke wa Fundi Milango na nyuma yake pana mlango wa namna hii, nani atanipa kazi tena. Nikakaza skrubu, nikapiga randa kidogo chini, nikaujaribu, ukafunga vizuri, nikaokota maranda yote nikaenda kukaa safu ya nyuma kama mgeni.

Mchezo ukaanza. Kinyozi akatoka, akasema kesho yake. Mke wangu akachukua kigoda mkono mmoja, akausukuma mlango kwa mkono wa pili kama kawaida, mlango ukafunga. Ta! Akasimama. Akaupapasa ukingoni. Akaufungua, akaufunga. Nilitamani ardhi inimeze. Ukumbi mzima ulikuwa unamtazama mgongo, na yeye hana cha kuegemeza, kigoda kinaning'inia mkononi. Kinyozi kule nje zamu yake ya kuingia imefika, anausukuma mlango haumfungukii, maana kitasa kimeshika na upande wake hakina mkono, maskini akafanya alichoweza, akabisha hodi. Chumbani kwake mwenyewe! Watu wakaangua kicheko. Mke wangu akaweka kigoda chini, akakikalia, akauliza, "Nani?"

"Ni mimi."

"Mimi nani?"

"Mumeo."

Kicheko kikakatika. Mke wangu akautazama ule mlango, kisha akasema, kwa upole kabisa, "Njoo kesho."

Mtu wa taa akazima palepale, sijui nani alimwambia. Mshauri, ukumbi ulisimama! Watu walipiga makofi, walipiga miguu, mama mmoja akavua kitambaa chake akakirusha juu, waamuzi wenyewe walisimama, na mimi nilipiga makofi mpaka viganja vikawaka moto, nikasahau kabisa kuwa ni mimi ninayeambiwa nije kesho. Wameingia fainali, wa kwanza katika michezo yote.

Sasa matatizo yangu ni haya. Kikundi kinabishana, wengine wanataka mlango ulegezwe tena wacheze kama ulivyoandikwa, wengine wanataka uleule wa pili, na mwalimu mstaafu anayewaongoza anapendekeza mwishoni mume aingie, aombe radhi, watazamaji wapate funzo. Wote wanamtafuta aliyeugusa mlango. Mke wangu mezani alisema, "Nikimjua huyo mtu," akaishia hapo, akaninyooshea chumvi. Sijui angemkumbatia au angemnyonga. Je, niseme? Au nirudi kimyakimya niulegeze? Na kuna jambo moja zaidi, nimeliacha mwisho kwa sababu ndilo linaloninyima usingizi. Tangu wiki iliyopita, chumbani kwetu kigoda kimekaa pembeni na mlango uko wazi, na mke wangu anakunja nguo. Hakirudishi tena. Nifanye nini?

Ni mimi,
Fundi Milango

*

Fundi, marahaba.

Nimeisoma barua yako mara mbili, mara ya kwanza nikicheka peke yangu ofisini, mara ya pili nikitafuta mahali ulipoandika kwamba umetengeneza mlango wa nyumbani. Sikupaona. Nimegeuza karatasi hata nyuma. Yaani wewe, na mfuko wa vifaa begani, umeupita mlango wa chumba unacholala ukaenda kupiga randa mlango wa jukwaani! Mlango ambao ni wa kuigizia! Haki ya Mungu, sijui nikucheke au nikupige kwa hiyo randa.

Lakini pole pia. Si rahisi mtu kukaa gizani akajiona yuko kwenye mwanga. Na kwa kuwa umekiri ulimcheka mkeo, nikueleze kilichokupata, maana hukijui. Mimi ni mlevi wa hii michezo mifupi. Niliwahi kuona mmoja wa mama anayemfunga mwanawe vifungo vya shati siku ya kwanza ya kazi. Vifungo tu, toka cha juu hadi cha chini, na maneno ya kawaida, umechukua kitambaa, umekunywa chai. Alipofika kifungo cha mwisho hakuwa na cha kushika, akabaki ameinua mikono. Nilirudi nyumbani nikampigia mama yangu simu. Mchezo wa namna hiyo hauna nafasi ya kukuelezea ndoa ni nini. Unakushikisha kitu kimoja, kigoda, kifungo, unakuacha ukitazame mpaka ukione ni chako, halafu unazima taa kabla hujajitetea. Umalizie mwenyewe nyumbani. Ule ukimya uliodhani ni wa kuchukia ulikuwa watu wanaorudi kila mmoja kwenye mlango wake. Yule mama aliyesema "huyo mwanamume namjua" hakujui wewe hata kidogo, bwana. Anamjua wa kwake.

Ndiyo maana mwalimu mstaafu aambiwe kwa heshima zote aliache hilo funzo lake. Mume akiingia akaomba radhi, ukumbi mzima utapumua, utasahau, na kesho yake utamwachia mtu mwingine kigoda. Wakitaka kuimaliza fainali kabla haijaanza, wafanye hivyo.

Sasa sikiliza, maana hapa wewe na akili zako zote hukuona. Unauliza kama umwambie mkeo ni nani aliyeugusa mlango. Anajua! Umeandika mwenyewe: alisimama, akaupapasa ukingoni, akaufungua, akaufunga. Mwanamke anayelala na Fundi Milango, ambaye nguo zake anazikung'uta maranda kila siku, aupapase mlango uliopigwa randa muda si mrefu asiujue mkono wa mumewe? Alijua palepale, mbele ya watu wote, kigoda mkononi, hana neno hata moja aliloandika la kusema. Mwingine angelia, au angekimbilia nyuma ya pazia. Mkeo alikaa chini akauliza, "Nani?"

Fundi, ile "njoo kesho" haikuwa ya kinyozi. Ilikuwa ya safu ya nyuma. Alikurudishia neno lako mwenyewe mbele ya ukumbi mzima, kwa upole, na ukumbi ukasimama, na wewe uliyepigwa ukawa wa kwanza kushangilia! Mimi ningekuwa mkeo ningetembea wiki nzima nimeinua kidevu. Na nikuambie ukweli, mwanamke aliyekukatia tamaa haachi nafasi. Angesema ondoka. Yeye amesema njoo, akakutajia na siku.

Kwa hiyo usiende kuulegeza ule mlango kimyakimya. Umeshachezea mchezo wa mtu mara moja bila ruhusa, inatosha. Mwambie kwa mdomo wako, "Ni mimi," kisha umuulize anautaka vipi Jumamosi. Akitaka mbovu, ulegeze bawaba mbele ya macho yake. Akitaka mzima, uhakikishe haumsaliti. Usimpe maoni yako juu ya mwisho wa mchezo hata akikuomba. Jumamosi ukakae safu ya mbele, na dada yako pembeni akuchome kiwiko vizuri, na mtu akiuliza ule mlango ni wa nani, nyanyua mkono.

Ila hayo yote ni ya baadaye. Leo, ukimaliza kusoma gazeti hili, liweke chini. Usimalizie chai. Nenda chumbani na bisibisi yako kabla mkeo hajafunga duka la dawa, kaza bawaba, piga randa panapohitaji, na kile kigoda kirudishe jikoni vinapokaa vigoda. Akirudi usimwonyeshe, usijisafishe koo. Akishaingia chumbani, toka nje, uvute mlango nyuma yako, usimame kwenye korido, ubishe hodi.

Akiuliza ni nani, unajua la kusema. Na akisema uje kesho, mjibu kwamba kesho yenyewe ndiyo leo.