Betri Iliyompasukia Muthama

Nuu,
S.L.P. 14,
Mwingi.
20 Septemba 1992

Kaka mpendwa Kiema,

Pokea salamu zetu katika jina la Bwana. Hamjambo huko Mombasa? Je, kifua cha wifi Mbinya kimepona? Mama hajambo, ni magoti tu yanamsumbua. Mvua bado, na ng'ombe wamebaki mifupa.

Kaka, nakuandikia nikiwa na hofu. Ile kazi ya waya uliyomfundisha mume wangu imekua sana tangu sola zifike huku. Walimu, kanisa, wenye maduka, wote wanamtaka Muthama, maana stima ya serikali hatuitarajii. Tulifurahi.

Mwezi uliopita alikuwa akifunga betri kwa mwalimu Musyoka. Nilikuwa nimempelekea chakula. Spana ilimponyoka ikalalia vichwa vyote viwili vya betri, cheche zikaruka, betri ikapasuka. Asidi ikamwingia machoni. Akaniuliza polepole, "Ndila, jua limeenda wapi?" Nalo lilikuwa linatuchoma utosini.

Nilimmwagia usoni maji yote ya mke wa mwalimu, yale anayoshinda mtoni akifukua mchanga ili ayapate. Hakunizuia. Alishika kichwa cha Muthama mpaka pipa likaisha. Hospitalini walisema maji hayo ndiyo yaliyookoa jicho la kushoto. La kulia limekwenda.

Sasa zahanati moja huko Tseikuru imemwita aweke sola ya friji ya chanjo. Anaondoka Jumatatu ijayo, tarehe 28. Nimemsihi akatae. Anasema, "Nikikataa watamchukua Ndululu, na Ndululu hajui betri. Jicho moja linanitosha."

Jana nilimkuta nyuma ya jiko ameshika vipande vya waya, anataja rangi zake peke yake. Nyekundu aliiita nyeusi. Akarudia, akakosea tena. Nilirudi kinyumenyume asinisikie. Wewe ni fundi, unajua waya hizo zikibadilishana kunatokea nini.

Mimi hanisikii, wewe atakusikia. Barua hii naituma kwa mkono wa Abubakar, yule muuza nguo, anayekuja huko kesho. Tafadhali omba ruhusa kazini uje kabla ya Jumatatu. Usimwambie kwamba nilimwona. Mpe waya wewe mwenyewe, achague mbele yako.

Msalimie wifi, Mutindi na wadogo zake. Mama anawaombea kila jioni. Mungu awafunike kwa mkono wake, na akufikishe salama.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Ndila