Chupa za Mama Mkwe

Jumapili, 10 Novemba

Leo tena nimeosha takataka. Chupa za soda, kopo la maziwa, mfuko wa sukari. Nimemaliza vyombo vya kulia nikaendelea na vya kutupa. Haya yote ni ya mume wangu Hamisi. Tangu atoke kwenye kikao cha mtaa amekuwa bwana taka wa nyumba. Viroba vimesimama ukutani uani: cha plastiki, cha karatasi, cha makopo. Maganda na majivu yanakwenda kwenye shimo la mboji nyuma ya banda la kuku. Askari wake ni Zulfa, binti yetu wa miaka tisa. Jana alinikamata na ganda la kitunguu mkononi kama mwizi.

Nalalamika, lakini ua umekuwa safi. Hakuna tena moshi wa plastiki jioni. Nimefurahi, ila simwambii Hamisi mapema yote hii.

Alhamisi, 14 Novemba

Mama wa mkokoteni amepita kuchukua plastiki. Akasifu chupa zetu, safi, hazina hata tope. Hamisi akaahidi kwamba mzigo ujao utakuwa mkubwa zaidi. Mume wangu ukimsifu umemwongezea kazi, na kazi hiyo nitaifanya mimi.

Jumamosi, 16 Novemba

Nimetoka sokoni nikakuta jiko limefanyiwa msako. Baba na binti, mikono myeusi, meno nje. Rafu ya juu imebaki nyeupe, haina kitu. Chupa zote zimeoshwa na kutiwa kirobani, majivu yamemwagwa shimoni. Mama wa mkokoteni alikwisha kupita. Sikugombana nao. Hata upawa wangu niliomsingizia jirani kwamba ameuiba umepatikana.

Jumanne, 19 Novemba

Mama mkwe amepiga simu kutoka kijijini kwake Mgori. Shikamoo, marahaba, mjukuu hajambo. Mawingu yameanza kukusanyika. Anakuja Jumamosi kuchukua mbegu zake.

Mbegu. Nilikuwa nimezisahau. Nilibaki na simu sikioni hata baada ya yeye kukata.

Mwezi wa saba alikuja kwetu kutibiwa macho, akaja na mbegu zake za vibuyu, maana panya wa kwake hawana adabu. Akazifukia kwenye majivu ndani ya chupa za maji zisiliwe na wadudu. Akazipanga mwenyewe kwenye rafu ya juu. Akaniachia mimi. Si mwanawe, mimi. Vibuyu vyake vya shingo ndefu hakuna mwingine anayevilima kule. Hamisi aliona chupa chafu zenye majivu, akafuata kanuni zake.

Jumatano, 20 Novemba

Tumefukua shimo. Kuku walikwisha kututangulia, wamechakura kila upande. Tumepata mbegu chache, zote zimeoza. Zulfa amelia, anasema ni yeye aliyezipindua zile chupa. Nimemwambia si kosa lake. Hamisi anataka tununue mbegu nyingine sokoni tuzichanganye na majivu. Nimemwambia mama anazijua mbegu zake kama anavyowajua wanawe.

Naogopa. Mama huyu alichukua miaka kuniamini. Mimi ni wa mjini hapa, binti wa mwenye duka aliyetoka pwani. Nilipoolewa hakuamini kwamba nitaweza kusonga ugali wa uwele. Mwaka huu ndiyo kwanza ameniachia kitu.

Jumamosi, 23 Novemba

Amefika. Nilimwambia kabla hajaketi, la sivyo ningeshindwa. Akasema kitu kwa Kinyaturu, Hamisi akainamisha kichwa. Sikuomba nitafsiriwe. Kisha akanigeukia.

"Nilipoolewa mama yangu hakuwa na kitu cha kunipa. Alinipa hizo."

Basi. Hakugomba. Bora angegomba. Chai yake imepoa mezani. Jioni mvua ya kwanza imenyesha, na mimi sikuifurahia.

Jumapili, 24 Novemba

Hamisi ametoa viroba nje ya geti. Anasema mchezo umekwisha, tutachoma kama zamani. Nilidhani nitafurahi. Nikamwona Zulfa amesimama na chupa yake mkononi, hajui aipeleke wapi. Nimevirudisha ndani mwenyewe. Mama alikuwa barazani, akaniona.

Anakaa hadi amalize kliniki ya macho. Tunasalimiana asubuhi na jioni. Marahaba yake fupi.

Jumapili, 1 Desemba

Zulfa alipeleka maganda shimoni, akarudi mbio. Hakuniita mimi, alimwita bibi yake.

Pembeni mwa shimo, pale kuku walipotupa udongo, miche imeota. Mingi, imesongamana. Nilijizuia kufurahi. Ingeweza kuwa maboga tu, tunakula kila wiki. Mama alipiga magoti, akashika jani kwa vidole viwili, akalinusa. Akacheka. Nilikuwa nimesahau anavyocheka.

"Ni zenyewe," akasema. "Mama Zulfa, lete zile chupa zenu."

Nimezikata katikati, nikazitoboa chini. Zulfa akajaza mboji. Mama aling'oa miche kwa ule upawa wangu, mmoja mmoja, na udongo wake. Hamisi alitaka kusaidia, akaambiwa akae mbali. Akakaa mbali. Mchana mama amekula ugali akaomba kuongezwa mboga. Nimelia jikoni kidogo, kwa raha.

Jumanne, 3 Desemba

Ameondoka na miche kwenye boksi, ameipakata kama mtoto. Mmoja ameuacha kando ya banda la kuku. Amesema huo ni wangu, na mbegu zake nitazikausha mwenyewe. Kisha akamwambia mwanawe asiguse.

Zulfa ameuzungushia miba.

Jumamosi, 21 Desemba

Manyunyu tangu asubuhi. Mche umefika kwenye paa la banda. Maua bado.

Nimeosha chupa ya maji, nikaikausha, nikachekecha majivu nikatia. Mbegu ziko mbali, najua. Nimeiweka kwenye rafu ya juu hivyo hivyo.

Jioni Hamisi aliingia jikoni akaiona. Akaishusha, akaitikisa sikioni. Akairudisha palepale, akaenda kutoa kiroba.