Ukurasa uliokunjwa Cimpunda

Yaya Furaha, dada yangu mkubwa, pole na joto la Uvira. Huku Bukavu mvua imeshika tangu asubuhi. Leo niko shuleni Cimpunda, natazama Madame Zawadi akifundisha, na mabati yalipiga kelele mpaka akaacha somo. Akawaambia tu watoto: "Mukamate makaye yenu. Kila mutu aandike yenye iko mu roho yake."

Madaftari hayo hayapewi pointi, wala bic nyekundu haiyagusi. Na mutoto asiyetaka kusomwa hukunja ukurasa wake katikati, Madame akifika pale anauruka. Mimi ninayesahihisha hata barua zako nilishangaa: anawezaje kujizuia?

Binti niliyekaa naye aliona macho yangu, akanisogezea kaye yake. Kurasa zote zilikuwa zimekunjwa isipokuwa moja. Humo mama yake anakaanga visamaki vya sambaza, anatia chumvi kwanza ili mafuta yasiruke. Ameandika vizuri, Yaya, nilisikia njaa. Kidole changu kikaenda chenyewe kwenye ukurasa uliofuata.

"Ile hapana, Madame," akasema polepole. "Ile iko ya vita."

Nikarudisha kidole. Akachukua kaye, akaendelea kuandika.

Nibusie watoto, na Papa umwambie nakula vizuri. Kadi hii itapita mikononi mwa askari wa kila bariyeri kabla ya kukufikia, na kadi haikunjwi. Ndiyo maana nimekuandikia ya sambaza tu.

Mudogo wako,
Neema