Oili Niliyomwekea Radim

Nyumba namba 41,
Studničky, Vysočina.
13 Februari 2019.

Mpendwa dada Drahuška,

Kabla ya yote niambie goti linaendeleaje, na kama ile dawa ya kuchua ilifika huko Adelaide au watu wa posta wamejipaka wao. Mimi ni mzima, presha imetulia, ila kuku wamegoma kutaga. Hapa ni nyuzi kumi na nane chini ya sifuri. Najua ninyi huko mnatembea miguu mitupu. Usinijibu kuhusu hilo.

Radim wetu hajambo. Ameshinda mbio mbili msimu huu, na kikombe kimoja ni kikubwa hadi nimekitilia maua. Katika mkoa mzima wa Vysočina hakuna kijana anayeendesha pikipiki kwenye theluji, huku akimvuta kwa kamba mtu anayeteleza kwa ski, kama mwanangu. Sisemi kwa kuwa nimemzaa. Hata padri amesema.

Sasa nikupe yaliyonikaa rohoni, na usimsomee mumeo.

Tangu mume wangu Bohuš afariki, oili ya pikipiki nachagua mimi. Radim analeta makopo mawili matatu, nayalaza nje dirishani, asubuhi nayainamisha. Inayodondoka kama asali naikataa. Inayokwenda kama mafuta ya kupikia, hiyo ndiyo ya baridi. Na kila baada ya mbio nachungulia kile kioo kidogo ubavuni mwa injini. Oili ikigeuka rangi ya kahawa yenye maziwa, basi maji yameingia, inamwagwa siku hiyohiyo. Misimu saba, dada, injini haijakohoa. Mwaka huu nikaona nimnunulie kopo moja mwenyewe, nimfurahishe.

Ndipo Radim akaleta msichana, Ivona. Anauza vipuri mjini Žďár, ana kucha fupi kama fundi, na ananiita mama utadhani nilimbeba tumboni. Siku ya kwanza tu kuingia gereji, kalishika kopo langu.

“Mama, hii ni ya gari.”

“Ni ya baridi. Imeshuka vizuri kuliko zote.”

“Ni nyepesi, mama yangu, sikatai. Ila klachi ya gari inakaa pakavu. Ya pikipiki hii inaoga humohumo kwenye oili ya injini. Ukiitia hii itateleza kama Radim akiulizwa alikuwa wapi.”

Radim alicheka! Alicheka mpaka akaegemea tangi. Mimi vichekesho vyangu huvijibu kwa “ndiyo mama.” Huyo binti akatoa kopo lake, nalo la baridi lakini la pikipiki, oili yenyewe nyekundu, akanionyesha mgongoni mwa kopo herufi mbili, M na A, alama ya oili ya klachi inayooga, kama anamfundisha mtoto wa chekechea. Na mwanangu, yule niliyemfutia kamasi, akasema, “Mama, mwaka huu pumzika. Ivona atashughulikia.”

Nipumzike! Nimechoka lini?

Nilivumilia mpaka Jumamosi. Wenyewe walikwenda kununua nta ya ski, wameshikana mikono kama kwamba barabara nzima ni utelezi. Nikaweka beseni, nikafungua nati ya chini, nikaimwaga oili ya Ivona yote, nikatia yangu. Nilitaka ashinde kwa oili yangu, halafu niwaambie mbele ya watu.

Jumapili uwanja ulijaa. Mzunguko wa kwanza Radim aliongoza, nikapiga kelele mpaka kofia ikaanguka. Mzunguko wa pili injini ikawa inalia kwa nguvu zote na pikipiki inatambaa. Vojta, yule anayevutwa, kamba ilimlegea, akasimama juu ya ski zake kama suruali iliyoanikwa. Kubátová, jirani yangu, akaniinamia. “Zdeňka, mwanao leo anavuta au anasubiri kusukumwa?” Walimaliza wa tisa. Jozi zote zilikuwa tisa.

Ivona alipiga magoti kwenye theluji, akakipangusa kwa kidole kile kioo kidogo cha injini. Oili haikuwa nyekundu. Akaniangalia mara moja tu, dada. Kisha akasema, “Radim, kosa langu. Nimechanganya makopo.”

Radim akamfokea mbele ya watu wote. “Wewe ndiye wa vipuri, wewe!” Binti akainuka, akajipangusa theluji magotini. Akapanda basi, akaenda kwao.

Basi nimekuwa na mwanangu peke yangu siku tatu, kama nilivyotaka. Anakula, anaangalia simu, hapigi. Na wivu wangu haukupungua hata kidogo. Ulizidi. Nilijiuliza: ningekuwa mimi nimepiga magoti pale, ningesema hivyo kumsitiri Ivona? Nisingesema. Hilo limeniuma kuliko kile kicheko cha gereji.

Leo mchana nimempikia nyama na mchuzi wa krimu, na knedlíky sita za unga wa kuchemshwa. Alipokula mbili nikamwambia, “Radim, kopo lilikuwa langu. Ya Ivona niliimwaga mimi.” Akaweka uma chini. Hakunipigia kelele, afadhali angenipigia. Akachukua koti, akatoka. Tangu aote meno hajawahi kuacha knedlíky kwenye sahani, na leo kaacha nne.

Jioni wamerudi wawili. Ivona amesimama mlangoni, pua nyekundu.

“Mama, ungeniambia tu. Ningekushikia beseni.”

“Vua viatu, unaniloweshea sakafu,” nikamjibu. Halafu nikazipasha zile nne, nikamwekea yeye. Kazila zote na kufuta mchuzi kwa mkate. Klachi wanaibadilisha kesho, naye ameniambia niwepo. Bado sipendi anavyokaa karibu na mwanangu, dada, nakwambia kweli. Lakini viti viko vitatu, na leo vyote vimekaliwa.

Nisalimie shemeji Leoš na binti yenu Hanička, mwambie avae kofia hata kama ni jua. Mungu awalinde huko mlikojitupa, na akuinue hilo goti.

Ni mimi mdogo wako akupendaye kuliko wote, na asije mtu huko akakudanganya kuwa anakupenda zaidi,

Zdeňka