Simu ya Arobaini na Moja

Kwako Pacha,

Salamu zangu zikufikie huko kwenye kazi yako mpya, na zikukute umeketi, maana barua hii si ya kusomwa umesimama. Hujambo? Yale mafua yaliyokuwa yakikushika kila ukikaa karibu na feni yamekuacha? Mimi ni mzima wa mwili. Hapa kazini wote wazima: mkurugenzi, muuguzi wa mapokezi, hata kile kiti chako kibovu kinachoegemea upande mmoja. Bado wananiita Pacha, kama walivyotuita sote wawili tulipokuwa meza moja, na kila nikiitwa hivyo natamani kumtemea mtu mate.

Nimejaribu mara tatu kuianza barua hii kwa upole. Nimeshindwa, kwa hiyo nivumilie.

Unajua kwamba ulipoondoka malalamiko yalianza. Wagonjwa wawili ambao programu yetu ya kusoma picha za macho iliwaambia macho yao ni salama walirudi kliniki wakishikwa mkono. Mkurugenzi alikuandikia kukuuliza, nawe ukamjibu kwa aya nne nzuri kwamba sehemu ya kufungua picha niliiandika mimi, na kwamba ulinionya nikakaidi. Majibu yako alinisomea mbele ya wafanyakazi wote. Nikaondolewa kwenye meza yetu nikapelekwa chumba cha printa, nikapewa wiki tatu nilitafute kosa langu au niende nyumbani. Nilijikaza kisabuni pale mbele yao, lakini moyoni niliapa kwamba nikilipata kosa hilo nitalitundika shingoni mwako.

Nilianza na njia za faili, yaani mahali kila picha ilipohifadhiwa, kama tulivyofundishwa. Niliiambia Python, ile lugha tuliyoiandikia programu, inichapishie njia ya kila picha kabla ya kuifungua, nikidhani labda folda ilihamishwa. Njia zote zilikuwa sahihi. Nikauliza kama faili zenyewe zipo; zote zilikuwepo. Nikatazama picha za kamera mpya na za kamera ya zamani, nazo hazikuwa na neno. Siku mbili nzima nilitoka patupu, na muuguzi wa mapokezi akawa anapitia mlangoni kuniuliza kama kosa limeshakuja kuomba msamaha. Siku ya tatu ndipo nilipotazama ukubwa wa faili. Kati ya picha elfu mbili mia tatu na kumi na sita, arobaini na moja zilikuwa na ukubwa wa sifuri. Jina lipo, ndani hamna kitu. Zote zilitoka kwenye kliniki yetu ndogo, ambako mtandao ukikatika katikati ya kutuma, picha inatufikia ganda tupu.

Unajua kama ninavyojua kwamba ile maktaba ya kusomea picha ikipewa faili tupu haipigi kelele. Inakurudishia None, yaani hakuna, basi. Ndiyo maana niliandika mistari minne ya ukaguzi: picha isipofunguka, programu isimame na itaje namba ya mgonjwa, ili aitwe apigwe nyingine. Niliitafuta mistari yangu nisiione. Mahali pake nilikuta neno moja tu, pass, yaani ikishindikana pita kama hukuona. Na kwa kuwa programu ilikuwa bado imeshika picha ya mgonjwa aliyetangulia, ilimpima huyo huyo mara ya pili, majibu ikamwandikia aliyefuata. Niliyalinganisha majibu yao mawili mawili. Yalifanana mpaka tarakimu ya sita baada ya nukta, na hakuna watu wawili wenye macho ya namna hiyo, hata wawe mapacha.

Kumbukumbu ya mabadiliko, inayoandika nani amegusa mstari gani na lini, haina urafiki na mtu. Ilinionyesha jina lako, na ikanionyesha siku: asubuhi ya kuwaonyesha wageni programu yetu, saa mbili na dakika kumi. Naikumbuka asubuhi hiyo. Programu ilikuwa ikisimama kila baada ya dakika chache kwa sababu ya ukaguzi wangu, wageni wako njiani, nawe ukaniambia niende nikapange viti, utashughulikia. Ulifunika kombe mwanaharamu apite. Programu ikakimbia bila kukwama, wewe ukapigiwa makofi, na katika watu wote waliopiga mimi nilipiga kwa nguvu zaidi.

Sikuona haya kufurahi. Nilicheka peke yangu mle chumbani, nikachapisha ukurasa ule wenye jina lako nakala tatu, ya kwanza nikaiweka mezani kwa mkurugenzi kabla hajavua koti. Akausoma mara mbili, akaniambia nirudi kwenye meza yangu. Kisha muuguzi akanipa majina ya wale wagonjwa arobaini na mmoja, nianze kuwapigia simu warudi kupimwa upya.

Jina la kumi na saba lilikuwa la mama yako.

Wewe mwenyewe ulimpeleka kliniki ndogo, miezi saba iliyopita, ukajivuna kwamba mashine ya mwanawe ndiyo itakayompima. Aliyemtangulia kwenye foleni alikuwa fundi seremala wa miaka ishirini na sita, mwenye macho ya mwewe. Majibu ya seremala huyo ndiyo aliyopewa mama yako, naye akaenda nyumbani akimshukuru Mungu.

Sasa nikwambie jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote hapa kazini. Siku ile nilipiga simu arobaini. Ya arobaini na moja sikupiga. Huyu ni mama aliyenilaza chumba kimoja na dada zako miaka miwili ya chuo, akanishonea gauni la mahafali kwa mikono yake, nami nikaliruka jina lake na kuendelea na la kumi na nane. Sikutaka apofuke. Nilitaka wewe ulie, na njia ya kukufikia ilipita kwake. Nilinyamaza siku tisa. Kila asubuhi nilijiambia leo nitapiga, kisha nakumbuka aya zako nne, nairudisha simu mfukoni, na nilikuwa nasikia raha.

Siku ya tisa alinipigia yeye. Aliniomba nikitoka kazini nipitie nimtungie uzi kwenye sindano, kwa sababu tundu lilikuwa linamkimbia. Nilifika, nikakaa kwenye mkeka wake, nikashindwa kuishika sindano. Nikamweleza yote: mistari uliyoifuta na neno ulilolibandika, majibu ya seremala, na siku zangu tisa. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniambia nitunge uzi, nikatunga. Tangu siku hiyo hajaniita mwanangu.

Kesho yake nilimpeleka kwa daktari. Jicho la kushoto limekwisha. La kulia wanalitibu kwa mwanga wa leza na wanasema litapona kiasi, asipokosa hata siku moja ya matibabu. Nilimwuliza daktari kuhusu siku zile tisa, akasema hazikuongeza wala kupunguza. Kilichoharibu ni ile miezi saba. Basi jicho la kushoto ni lako lote, Pacha, hakuna wa kukusaidia kulibeba. Lakini mimi sikuyajua hayo ya daktari nilipokuwa nimenyamaza, na mama yako anafahamu hivyo. Usidhani nimekuandikia kuomba radhi. Radhi yangu naiomba kwake, naye bado hajanipa. Wewe sijakusamehe.

Nisalimie wenzako wa huko. Nakala ya pili ya ukurasa ule nimeshamtumia mkuu wako, kwa hiyo huenda habari zangu wanazo. Ya tatu aliiomba mama. Kuisoma hawezi, lakini ameikunja akaiweka kwenye kopo lake la vifungo. Dada zako wanakusalimia. Mama naye anakusalimia, na amesema usimpigie simu. Uje mwenyewe, na uje mchana. Anataka akutazame usoni ukimweleza, wakati bado ana jicho la kukutazama nalo.

Ni mimi,
uliyekuwa ukiniita Pacha.